Onyo Linalokuomba Ulisambaze

Haya ni maneno niliyoyasema ukumbini Tononoka, Mombasa, mbele ya makarani wa ofisi za mawakala wa forodha, walimu na wazazi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale niliporudia jambo mara mbili.

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa ofisi za kutoa mizigo bandarini, ambao najua mmeomba ruhusa kwa shida ili mfike hapa mchana wa kazi, nawashukuru sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya virusi vya kompyuta. Leo nitazungumza juu ya virusi visivyokuwepo. Msishangae. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuwafundisha watu kuzitumia, na barua zinazoonya juu ya virusi nimezipokea nyingi kuliko virusi vyenyewe. Mtu anakuja dukani na laptopu ameikumbatia kifuani, jasho linamtoka, ananiambia, "Fundi, nimeingiliwa." Naiwasha, naipekua, sioni kitu. Namuuliza amejuaje. Anafungua barua pepe aliyotumiwa na shemeji yake: onyo kali, herufi kubwa tupu. Huyu hana kirusi, ana barua. Na hiyo barua ameshawatumia watu wote aliowaandika kwenye kompyuta yake kabla hajafika kwangu.

Nataka leo tuipasue barua ya namna hiyo tuone tumboni mna nini. Nitawasomea moja niliyoitunga mwenyewe kwa kufuata zile ninazoletewa, kwa sababu sipendi kuzieneza za watu hata humu ukumbini. Inasema hivi:

"ONYO!!! ONYO!!! TAFADHALI SOMA SASA HIVI. Jana kumegunduliwa kirusi kibaya kuliko vyote. Ukipata barua pepe yenye kichwa PICHA ZA HARUSI, USIIFUNGUE, hata ikitoka kwa mtu unayemjua. Itachoma diski yako yote na haina dawa. Habari hii imethibitishwa na kampuni kubwa za kompyuta, na imetangazwa kwenye televisheni asubuhi ya leo. Watumie watu wote unaowajua. Afadhali waipate mara kumi kuliko kuikosa."

Naona wengine mnatabasamu. Mmeipata.

Tuanze na neno "jana". Jana ya lini? Barua haina tarehe, na imefanywa hivyo makusudi. Ikisomwa mwezi huu, kirusi kimegunduliwa jana. Ikisomwa baada ya miaka mitatu, pia kimegunduliwa jana. Mwaka wa 2006 ulienea uvumi wa kirusi kilichodaiwa kuja na barua iitwayo "Mwaliko", kikafungua Mwenge wa Olimpiki na kuichoma diski yote ya C. Ule uvumi ulisema McAfee, kampuni ya programu za kukinga virusi, wamekigundua jana, Microsoft wamekiita kibaya kuliko vyote, na CNN wamekitangaza. Hapakuwa na kirusi cha namna hiyo. Lakini kwa kuwa barua ilisema "jana" na haikutaja siku, iliendelea kuzunguka dunia mwaka baada ya mwaka, na kila aliyeipokea aliiona mbichi.

Njooni kwenye "itachoma diski". Diski ndipo kompyuta inapohifadhi vitu vyako. Kirusi ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. Kinaweza kufuta mafaili yako. Kinaweza kuyafunga kwa siri halafu wenyewe wakudai pesa ndipo uyafungue. Kinaweza kuiba neno lako la siri. Hayo ni mabaya ya kutosha na yanatokea kila siku. Diski kuwaka moto ni maneno ya kutisha watu. Hali kadhalika "haina dawa". Kila kirusi kinachojulikana kwa jina kina watu waliokichunguza, na hao wanaokichunguza ndio wanaotoa dawa yake.

Halafu, nani amethibitisha? "Kampuni kubwa za kompyuta." Zipi? Ukurasa upi? Nani kati yao amesema, na lini? Jina kubwa limetiwa pale ili wewe usiulize.

Sasa shikeni mstari wa mwisho, kwa maana hapo ndipo penye roho ya barua yote: "Watumie watu wote unaowajua." Mkisahau yote nitakayosema leo, hili mlishike. Kampuni ya kompyuta haikutegemei wewe uwe posta yake. Mamlaka ya serikali haikuombi uwapigie mbio jamaa zako. Wanaotoa maonyo ya kweli wana mahali pao pa kuyatangaza, na wanakuelekeza huko ukasome mwenyewe. Onyo linalokuomba ulisambaze lina shida ya kusambaa kwa sababu halina mwenyewe wa kulisimamia.

Mambo haya yana historia. Novemba 1994, huko Marekani, watu waliokuwa wakitumia huduma ya intaneti ya AOL walianza kupelekeana onyo juu ya barua pepe yenye kichwa "Good Times". Ilidaiwa kwamba ukiisoma tu, diski yako inafutika. Baadaye barua ikaongezewa kwamba kirusi hicho kinaiingiza kompyuta kwenye mzunguko usio na mwisho hadi ubongo wake uharibike, na kwamba FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano, ndiyo iliyotoa onyo. Tume hiyo haikuwa na kazi ya kuonya watu juu ya virusi vya kompyuta. Na barua pepe ya wakati ule ilikuwa maandishi matupu: ukiyasoma umeyasoma, hayana mikono ya kufuta kitu. Hata hivyo "Good Times" ilienda na kurudi kwa miaka. Maofisi makubwa, watu wenye shahada zao, waliituma kwa wafanyakazi wote kwa nia njema kabisa.

Mwaka wa 1996 kampuni ya uchapishaji ya Penguin, huko Uingereza, ilitaka kutangaza kitabu chake kipya. Barua ikatumwa kwa magazeti na vituo vya habari ikionya juu ya kirusi kinachoitwa Irina, na chini ikatiwa jina la profesa wa chuo cha London. Profesa hakuwepo, wala chuo chenye jina lile hakikuwepo. Ilikuwa ni biashara. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wengi huniuliza, "Lakini fundi, nani atajisumbua kutunga uongo kama huu, anafaidika nini?" Mmoja anafanya matangazo. Mwingine anapenda kuona maneno yake yamefika bara jingine. Mwingine ameelewa vibaya jambo la kweli, akaliandika kwa hofu, nalo likakua njiani. Wewe uliyeipokea huwezi kujua ni yupi.

Idara ya Nishati ya Marekani ilikuwa na kikosi cha dharura za kompyuta kilichoitwa CIAC, na wale walizichunguza sana barua hizi. Waliona kwamba zinazofanikiwa zina mambo mawili: lugha inayosikika ya kitaalamu, na jina la mtu au taasisi inayoaminika. Mimi nakubaliana nao, lakini kwa hapa kwetu naongeza la tatu, nalo ni uzito wa yule aliyekutumia. Nitalirudia baadaye, kwani nadhani ndilo gumu kuliko yote.

Kabla ya hapo, niwaonyeshe barua iliyodhuru watu kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka wa 2001 ilitokea Brazili barua iliyoandikwa kwa Kireno, kisha ikatafsiriwa kwa Kiingereza na kuenea kila mahali. Ilisema kuna faili linaitwa sulfnbk.exe, ni kirusi, kimelala ndani ya kompyuta yako, na kitaamka tarehe 1 Juni. Antivirasi, yaani programu za kukamata virusi, hazikioni. Kisha ikatoa maelekezo kwa upole kabisa, kama ndugu anayekusaidia: bonyeza Start, nenda Find, andika jina hili, subiri. Ukiliona, usilifungue. Lifute. Kisha nenda kwenye Recycle Bin, lile pipa la taka la kompyuta, ukalimwage na huko, lisibaki.

Jiwekeni mahali pa mtu yule. Ameandika jina. Kompyuta inatafuta, anasubiri, moyo unadunda. Mara faili hilo hapo! Jina lake baya, halisomeki, hajawahi kuliona maishani. Shaka yote inaondoka. Barua ilisema lipo, na lipo kweli. Analifuta, anashusha pumzi, halafu anafanya kile ambacho angefanya mtu yeyote mwema: anakaa chini na kuwaandikia wote, "Jamani, na mimi nilikuwa nacho! Nimekitoa. Tazameni na nyinyi." Sasa barua ina shahidi.

Na faili lile lilikuwa nini? Lilikuwa chombo cha Windows yenyewe, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, kilichowekwa na Microsoft kwa ajili ya kurudisha majina marefu ya mafaili. Lilikuwamo ndani ya kila kompyuta yenye Windows 98. Ndiyo maana kila aliyelitafuta alilipata! Mtunzi angeweza kuchagua faili lolote la Windows, na kila mtu angejiona ameingiliwa.

Pana jambo moja hapa ambalo haki inanidai niliseme. Wakati uleule palikuwa na kirusi cha kweli kilichoitwa Magistr, ambacho kiliweza kujibandika kwenye faili kama hilo na kujituma nalo kwa barua pepe. Huenda mtu wa kwanza alikutana na hicho, akaona jina, akadhani kila lenye jina hilo ni ugonjwa. Uongo mwingi wa namna hii una punje ya kweli ndani yake, na punje ile ndiyo inayoupa nguvu.

Mwaka uliofuata, 2002, likaja jingine, jdbgmgr.exe. Hili lilikuwa na picha ya dubu mdogo wa kijivu. Barua ikasema, ukimwona dubu, umekwisha, kirusi kinalala siku 14 kisha kinaamka. Watu wakatafuta, wakamwona dubu, wakafuta. Dubu yule alikuwa mali ya Microsoft vilevile, chombo cha waandishi wa programu za Java. Bahati nzuri mafaili yote mawili hayakuwa ya lazima kwa mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo kompyuta nyingi ziliendelea kuwaka kama kawaida. Ilikuwa bahati tu. Kama mtunzi angetaja faili ambalo Windows haiwezi kuamka bila hilo, watu wangeziua kompyuta zao wenyewe, tena kwa furaha.

Kwa hiyo sharti langu kwenu ni hili: msifute faili lolote la mfumo kwa sababu ya barua. Lolote. Likikutia shaka, mwachie antivirasi iliyosasishwa ilikague, au mlete fundi.

Sasa nirudi kwa lile la tatu. Sisi watu wa pwani tuna msemo, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Nimeusikia mara nyingi mtu anapojitetea kwa nini amesambaza. Msemo huu una mahali pake, katika mambo ya mtaa na watu, ambako uvumi mara nyingi huwa na chanzo. Kwenye kompyuta umetuponza. "Good Times" ilisemwa kwa miaka, haikuwepo, na wala haikuja. Tuna msemo mwingine wa mabaharia wetu ambao ningependa tuushike zaidi: usisafirie nyota ya mwenzio. Ameona yeye, au ameambiwa tu kwamba kuna aliyeona?

Lakini kujua hayo hakutoshi, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu. Barua haikuletwa na mtu usiyemjua. Imeletwa na shangazi yako. Shangazi huyu amekulea, umekula mkononi mwake. Au imeletwa na mwalimu aliyekusomesha madrasa. Au na bosi, ambaye ameituma kwa ofisi nzima na kuandika "muhimu sana" juu yake. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba alichotuma ni uongo? Wengi hunyamaza. Wengine husambaza ili waonekane wametii. Mimi naamini barua hizi zinaishi Mombasa kwa sababu ya adabu yetu kuliko kwa sababu ya ujinga wetu, na adabu ile siipigi vita hata kidogo. Nataka tuitumie.

Hatua ya kwanza, usimjibu mbele ya wote. Kama barua imetumwa kwa watu 50, au imewekwa kwenye kundi la ukoo, usijibu hapohapo watu wote wakaona umemsahihisha mtu mzima. Mwandikie peke yake, kwa mfano hivi:

"Shikamoo shangazi. Barua yako nimeipata, ahsante kwa kunikumbuka. Nimeitafuta hiyo habari, nimeona ni uvumi wa zamani, ulianza mwaka wa 2006, na hakuna kirusi cha namna hiyo. Kompyuta yako haina neno, usiwe na wasiwasi. Ijumaa nikija tutaitazama pamoja."

Mmeona? Shukrani imetangulia. Habari sahihi imefuata, tena ina mwaka, ili ajue umetafuta na hukubahatisha. Wasiwasi umeondolewa, kwa sababu shangazi alituma kwa hofu, na hofu ile inahitaji kutulizwa. Na ahadi ya kuja ipo. Nimewafundisha wanafunzi wangu waandike hivi, na wameniletea habari kwamba wazee wao siku hizi huwapelekea wao kwanza barua yoyote ya kutisha, wakiuliza, "Mwanangu, hii ni kweli?" Nilipolisikia hilo nilifurahi sana. Mzee anayeuliza kwanza ameukata mnyororo.

Kwa bosi pana njia nyingine, na hii nawaomba nyinyi makarani mkaipeleke ofisini kwenu. Kubalianeni kwamba maonyo yote ya virusi yatatumwa kwa mtu mmoja tu. Awe ndiye anayeshughulika na kompyuta zenu, au fundi wenu wa nje, au karani mmoja mwenye subira. Yeye anachunguza, na akiona ni kweli ndiye anayewaambia wengine. Hapo bosi hasahihishwi na mtu. Ni utaratibu wa ofisi, unamhusu yeye kama unavyomhusu mfagizi.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani mkubwa hata nilisimamie hili? Barua si kirusi, haifuti kitu, acha izunguke.

Fanyeni hesabu na mimi. Umeipeleka kwa watu 10, na kila mmoja akaipeleka kwa 10. Wale ni 100. Kisha 1,000. Kisha 10,000. Hatua ya sita tu inawafikia watu 1,000,000. Kila mmoja akipoteza dakika moja kuisoma, hizo ni zaidi ya saa 16,000 za watu wenye kazi zao. Enzi zile tulipokuwa tukilipia dakika kwenye saiba, kabla nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, hazijafika ufukweni kwetu mwaka wa 2009, dakika ile ilikuwa pesa mfukoni. Leo hatuisikii, lakini inaliwa vilevile.

Hilo ni dogo. Kuna kubwa zaidi. Unaposambaza barua kwa kubonyeza tu, anwani zote za waliotangulia zinasafiri nayo. Nimeletewa barua ya onyo ambayo juu yake ina anwani za wateja wa ofisi, za mawakala, za watu wa meli na za benki, zimepangwa safu kwa safu, nazo zimepita kwenye mikono isiyojulikana hesabu yake. Mtu akitaka kujua nani anafanya biashara na nani katika mji huu, mmemwandalia orodha.

Na wapo wanaotaka kujua. Nyinyi wa bandarini mnawafahamu kwa matendo yao. Barua inakuja ofisini kwa utulivu kabisa, haina herufi kubwa, haina alama za mshangao. Inasema: "Habari za asubuhi. Kuhusu malipo ya kontena lile, tumebadilisha benki, tafadhali tumieni akaunti hii mpya." Jina la mwandikaji ni la mtu mnayefanya naye kazi. Anwani inafanana na yake, imepishana herufi moja tu. Karani analipa. Pesa zinakwenda, na mwenye mzigo hajapata kitu. Ninyi mnajua ni jambo linalotokea, sitaki kutaja ofisi ya mtu.

Sasa linganisheni. Onyo la uongo linapiga kelele. Hatari ya kweli inabisha hodi kwa adabu. Ni kama sokoni Markiti mtu akipiga kelele za mwizi huku, watu wote wakakimbilia huku, na mkono uingie mfukoni kule. Karani aliyezoea kuogopa barua zenye ONYO hana akiba ya tahadhari ya kumtosha kwa barua yenye "habari za asubuhi". Na aliyekwisha kudanganywa mara tano na maonyo ya uongo, onyo la sita likiwa la kweli atalipuuza. Huo ndio ubaya wenyewe, na ndiyo sababu nimekuja.

Basi tuseme la kweli linafananaje. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilitoka Ufilipino na katika siku chache kikaingia mamilioni ya kompyuta duniani. Kile kilikuwa kweli. Kilikuja kama kiambatisho, yaani faili linalotumwa pamoja na barua, kilichojifanya barua ya mapenzi, na ukikifungua kilijituma kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Maonyo yaliyotolewa na wataalamu yalitaja jina la kiambatisho, aina ya programu kinayoitumia, kinachofanya hatua kwa hatua, na mahali pa kupata dawa. Mtu yeyote aliweza kwenda kwenye ukurasa wa kampuni ya antivirasi akayakuta maneno yaleyale.

Onyo la kweli lina tarehe. Lina jina la programu inayohusika, na toleo lake. Linakuambia usasishe nini. Lina mwenyewe, na mwenyewe ana ukurasa wake ambao unaweza kuufikia bila kubonyeza kiungo chochote ndani ya barua. Hapa Kenya tunacho kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kazi yao ni hiyo. Andika jina lao wewe mwenyewe, nenda ukasome.

Na njia nyepesi kuliko zote: chukua maneno machache ya barua uliyopata, yale ya kutisha hasa, yaweke kwenye mtambo wa kutafuta pamoja na neno "uongo" au "hoax". Mara nyingi utakuta wengine walishaichunguza barua yako zamani, na umri wake utakushangaza.

Kabla sijaketi nijibu vikaratasi vyenu.

Wa kwanza anauliza kama ni kweli kwamba kusoma barua pepe tu hakuwezi kuleta kirusi. Kwa kawaida madhara yanakuja ukifungua kiambatisho, ukibonyeza kiungo, au ukiandika neno lako la siri mahali ulipopelekwa. Lakini mwaka wa 1999 kilitokea kirusi kinaitwa BubbleBoy kilichoweza kujiendesha barua ikifunguliwa tu kwenye Outlook, programu ya Microsoft ya kusomea barua pepe, kwa kutumia ufa ambao Microsoft ilikuwa tayari imeuziba. Aliyekuwa amesasisha programu zake hakuguswa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sasisheni, na programu ikikuambia ina toleo jipya msiliahirishe hadi mwaka ujao.

Wa pili anasema siku hizi mambo ni WhatsApp, barua pepe nani anasoma. Ni kweli, na uvumi umehama pamoja na watu. Ule wa video inayoitwa Martinelli, itakayotoka kesho na kuharibu simu yako, umezunguka tangu 2017 na video yenyewe haijatoka hadi leo. Dalili zake ni zilezile: "kesho" isiyo na tarehe, na "waambie wote". WhatsApp wenyewe tangu Januari 2019 wamezuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na uliopita mikono mingi unatiwa alama ya mishale miwili. Ukiiona ile mishale, jua kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika.

Wa tatu hakuandika jina, ila nimeona mwandiko ni wa mtu mzima. Anauliza: "Nimeshatuma onyo kwa watu wengi, nifanye nini?" Mzee wangu, au mama yangu, fungua ile barua uliyotuma, uone ulimtumia nani. Waandikie walewale, maneno mawili matatu: "Lile onyo nililowatumia si la kweli, nimehakikisha. Tafadhali msiliendeleze, na kama mlifuta faili nijulisheni." Anwani zao ziweke pale pa nakala ya siri, palipoandikwa Bcc, ili wasionane. Kama kuna aliyefuta faili, asiongeze kitu kwenye kompyuta, aje nayo tutazame kama bado limo kwenye Recycle Bin. Nitakuwa pale mlangoni hadi saa kumi na moja, na vijana wangu wawili wako nami.